Mwana wa Bezhan, Mkubwa wa Misri

Kairo, 10 Shaabani 1177

Kwa dada yangu Mzekhala binti Bezhan, kijijini Didvela, nchi ya Imereti, kama yu hai. Kama hayupo, kwa yeyote wa nyumba ya Bezhan atakayesomewa barua hii.

Salamu zikukute salama, wewe na watu wako, mifugo yenu na mizabibu yenu. Mimi ni Otia, mdogo wako. Ni mzima. Huku naitwa Rustam, na ukiuliza Otia hapa mjini hakuna atakayemjua. Herufi zetu sizijui. Nilichukuliwa kabla sijafundishwa. Anayeniandikia ni Karapet, Mwarmenia muuza hariri, ambaye hufika Trabzon na ana watu wa kuipeleka barua mpaka kwenu. Ana mwandiko mzuri na hapendi maneno mengi, kwa hiyo ananifaa.

Ni miaka ishirini na mitatu. Niambie kama mama yuko, kama baba yuko, kama wewe umeolewa na nani.

Nilivyochukuliwa mnajua. Nakumbuka wapanda farasi watatu kule kinuni, na baba akitukimbilia na shoka mpaka akaanguka mtoni. Watu wa huku wakiniuliza asili yangu, huwasimulia hivyo.

Niliuzwa mara tatu. Wa mwisho kuninunua ni Idris Bey, ambaye sasa ndiye mkubwa wa Misri yote. Yuko Pasha anayeletwa kutoka Istanbul, anakaa ngomeni, anapewa heshima yake na hakuna anachoamua. Idris Bey alinifundisha farasi na upanga, na ndevu zilipoota akaniacha huru mbele ya kadhi. Sasa nina askari themanini. Simwiti bwana. Namwita baba, kama wenzangu wote aliotununua.

Karapet ana kitambaa cha mama. Apewe mkononi.

Nduguyo,
Otia


Didvela, 8 Septemba 1764, sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bikira

Ndugu yangu Otia,

Hilo jina jingine Gabriel amelisoma, lakini mimi sitaliita.

Sisi tu wazima. Gabriel ni mume wangu, shemasi wa kanisa letu, na ndiye anayeandika haya. Tuna wasichana wawili na mvulana mmoja. Mvua ya mawe ilipiga mizabibu ya juu, ya chini imepona. Ng'ombe wawili wamezaa. Barua yako ilitukuta tukivuna mahindi, na mtu aliyeileta alikula kwetu siku mbili kabla ya kukumbuka kuitoa.

Mama alifariki miaka kumi na moja iliyopita, kifua kilimbana. Kitambaa nakivaa mimi. Mara ya kwanza nilipoenda nacho kanisani, wanawake hawakuisikia hata ibada.

Baba yuko. Jicho moja haoni, miguu anayo. Alisomewa barua yako, na sisi sote tulikuwepo. Gabriel alipofika mahali pa kinu alisoma taratibu. Baba akataka mahali hapo pasomwe tena, kisha akasema, "Ndiyo. Shoka." Siku hizi akienda kwa majirani anawasimulia. Mimi sina la kuongeza.

Gabriel anauliza kama bado unafanya ishara ya msalaba. Ameuliza yeye. Mimi nauliza kama unakula vizuri.

Dada yako,
Mzekhala


Kairo, 20 Rajabu 1178

Dada yangu Mzekhala,

Salamu kwako, kwa mumeo na watoto. Nimesikia habari za mama. Nilikaa ndani siku tatu, nikasema naumwa jino.

Nakula vizuri. Swali la Gabriel nimelisikia.

Habari zangu ni hizi. Mwezi uliopita Pasha alinivisha joho, sasa mimi pia ni Bey, mmoja wa wakuu wa nchi. Tuko ishirini na wanne katika nchi nzima, na kati yetu kumi na tisa tulinunuliwa sokoni. Nina nyumba kando ya Birkat al-Fil, jirani na Idris Bey, na mto ukifurika na kulijaza ziwa hilo twaweza kutembeleana kwa mtumbwi. Siku ya joho alinishika bega akasema, "Nilikuona sokoni umekonda, meno yako yote yapo, na hulii. Nikasema huyu atafika." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Lakini amezeeka, na amekuwa mtu wa hofu. Wenzangu wawili, tuliokula nao sinia moja tangu utoto, amewafukuzia Hijazi. Hakutoa sababu. Akikualika chakula siku hizi unaanza kwa kuhesabu milango.

Baba anahitaji nini? Niambie nimtumie. Na mwanao ana miaka mingapi?

Otia


Didvela, 3 Mei 1765

Otia,

Leo Gabriel yuko kwenye mazishi kijiji cha pili, na naandika mwenyewe. Alinifundisha wakati wa baridi. Herufi zimepinda, zivumilie.

Baba ameondoka. Wiki ya pili baada ya Pasaka alivaa viatu vya Gabriel, akachukua jibini na mfuko wa jozi, akasema anakwenda Misri kwa mwanawe. Tulidhani anatania. Nilimfuata mpaka darajani. Nikamwambia, "Baba, huko unakwenda kusema nini?" Akasema, "Si ameandika mwenyewe kilichotokea?" Akaenda.

Barua hii inabidi imtangulie, kwa hiyo nasema moja kwa moja. Hakukuwa na wapanda farasi. Hakukuwa na shoka. Ule ulikuwa mwaka wa njaa, na bwana wetu alidai ushuru mara mbili. Akaja mtu wa Akhaltsikhe, mji wa wanunuzi wa watu, mwenye kilemba. Baba alimpa wewe, akapata ng'ombe na chumvi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilikuwa nyuma ya ghala, niliona. Ng'ombe yule tulimkamua miaka sita. Maziwa niliyanywa. Mama hakuyanywa, na mpaka anakufa hakulala tena chumba kimoja na baba.

Sikukuandikia mara ya kwanza kwa sababu ulikuwa na kumbukumbu nzuri, na nilisema nani aniagize niivunje.

Akifika, mpe chakula na umrudishe. Usimfanye kitu.

Umeuliza miaka ya mwanangu. Bado ni mdogo.

Mzekhala


Kairo, 12 Rabiul-Awwal 1179

Dada yangu,

Salamu nyingi, na nyingine kutoka kwa mtu mtakayestaajabu kusikia kwamba yuko hapa. Baba amefika. Ana siku arobaini nyumbani kwangu.

Alikuja mlangoni na fimbo. Walinzi wangu ni vijana wa kwetu, kwa hiyo walielewana. Akawaambia, "Mwambieni Bey baba yake amekuja." Mmoja akamjibu, "Wiki hii wewe ni wa tatu, mzee." Akasema, "Basi waiteni na hao wawili, atuchague." Ilinibidi nitoke nione kelele ni za nini. Nilimjua kwa jinsi alivyosimama. Yeye hakunijua, alimsalimu mlinzi mrefu aliyekuwa mbele yangu.

Nimempa chumba cha upande wa bustani. Wali anaupenda. Aliuliza nguruwe wako wapi, nikamwambia huku hawafugwi. Akasema, "Nchi kubwa yote hii?"

Idris Bey alimwalika barazani mbele ya mabey wote. Akamtaka asimulie nilivyochukuliwa, na baba akasimulia. Wapanda farasi sasa ni sita, na mmoja alikatwa mkono. Alisimulia vizuri, hata mkalimani alisahau kutafsiri akabaki kusikiliza. Tulipokuwa tunatoka, Idris Bey aliniambia neno moja pembeni. Si la kuandika.

Kutoka kwako sijapata barua tangu ile ya Septemba. Karapet anasema njia ya Trabzon ina maradhi.

Otia


Kairo, 3 Shaabani 1179

Dada yangu Mzekhala,

Sisi ni wazima. Baba ameota nyama mwilini na anatembea sokoni na mlinzi, akibishana bei kwa lugha yetu.

Barua yako imefika baada ya miezi minane. Ilikuwa imelala Trabzon ndani ya robota la hariri. Umeandika vizuri, ni herufi mbili tu zilizomshinda Karapet.

Nilijua. Nilikuwa na miaka tisa, sikuwa mtoto mchanga. Aliniambia nimshike yule mtu mkono tuvuke mto, yeye anakuja nyuma. Niligeuka tukiwa katikati ya maji. Alikuwa amekwisha ondoka, anamvuta ng'ombe kwa kamba, na ng'ombe hataki. Habari ya shoka niliitunga zamani, kambini tulikofundishwa, kwa sababu kila mtoto alikuwa na yake. Nikaiandika katika barua ya kwanza ili baba, akiwa hai, awe na la kusema. Tangu afike hatujalizungumza. Yeye anasema shoka, mimi namjazia bakuli.

Kwa hiyo usijilaumu kwa maziwa.

Lile neno la Idris Bey pale mlangoni lilikuwa hili: "Aliyeniuzia wewe aliniambia mengine kabisa." Nikajua ataliweka mpaka siku ya kulihitaji. Siku hiyo ilikuja mwezi wa Jumada. Alitaka kuninyang'anya askari, akasimama barazani akasema mbele ya wote, "Huyu baba yake mwenyewe alimbadilisha na ng'ombe, na nyinyi mnamfuata?" Wengine walitazama chini. Nadhani wengi wao walikuwa wanawakumbuka ng'ombe wao.

Baada ya siku nne mabey watano walikuwa upande wangu, na kufika adhuhuri tulikuwa tumezifunga njia zote za nyumba yake. Nilikwenda mlangoni mwenyewe. Alitoka bila kilemba, nywele nyeupe.

"Wewe nilikununua ghali kuliko wote," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na bado waniita baba?"

"Nimezoea."

Akaangalia ziwani, akauliza, "Naondoka na farasi wangapi?"

"Uwapendao."

Akachukua wanne. Alifuata mto kwenda juu, akafika mji wa Asyut, na huko akafariki. Alikuwa mzee.

Mabey wamenichagua kuwa Sheikh al-Balad, yaani mkubwa wa mji na wa nchi. Pasha ametuma joho lingine. Zito, la manyoya, na huku ni joto. Baba aliposikia aliuliza kama ni kazi ya kudumu.

Otia


Didvela, 20 Julai 1766

Ndugu yangu Otia,

Tunamshukuru Mungu, hatujambo. Binti yangu mkubwa ameposwa na mtu wa Vani mwenye mizinga ya nyuki. Minyoo ya hariri imekufa nusu. Gabriel ndiye anayeandika, lakini maneno ni yangu.

Nimesomewa habari ya kupanda kwako. Kijiji kizima kimesikia, na bwana wetu, mwana wa yule wa mwaka wa njaa, sasa hutusalimu wa kwanza.

Huyo mzee aliyekulea umeandika alifika Asyut akafariki. Kati ya kufika na kufariki hukuandika kitu. Alipita hapa mtawa anayetoka Yerusalemu, alikuwa Misri wakati huo. Alituambia huko inasemwa hakufa kwa uzee. Mimi sikumwamini wala sikumkatalia. Nakuuliza wewe.

Jambo jingine. Mwezi uliopita watu wa Akhaltsikhe walipita mabonde ya kwetu. Wamechukua watoto saba. Walikuwa wakisema bei imepanda kwa sababu mkubwa mpya wa Misri anawataka watu wa Imereti, anasema watu wengine hana imani nao. Nilikaa nikifikiri huyo mkubwa ni nani.

Mwanangu tumempeleka monasteri. Usiulize ipi.

Msalimie baba. Mwambie mti wa jozi wa nyuma ya ghala ulianguka.

Mzekhala


Kairo, 5 Rajabu 1180

Dada yangu Mzekhala,

Salamu kwako, kwa Gabriel na kwa bibi harusi. Karapet ana kitambaa chake, chekundu.

La Asyut nimelisoma.

La watoto nitakujibu. Ndiyo, nimenunua ishirini. Mtu wa hapa analindwa na aliowalea mwenyewe, hakuna ukuta mwingine. Nilikuwa nimezungukwa na watu wa Idris Bey, wananitabasamia na mikono iko mikandani. Ningefanyaje? Wanalala pazuri kuliko nilikolala mimi, na wanafundishwa na mwalimu asiyepiga usoni.

Mwezi wa kwanza walikuwa wanalia, wakufunzi wakashindwa. Ndipo baba akaanza kwenda kukaa nao. Akipasua jozi, akiwasimulia habari za dubu na kasisi. Wakatulia, nami nikafurahi. Nikasema mzee amepata kazi.

Mmoja wao hakutulia. Nyumbani tulimpa jina la Nasuh, baba akamwita Beka, jina alilokuja nalo. Ana miaka minane au tisa. Alikuwa halii, hasemi, anakaa ameelekea mlango. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa baba alinijia barazani, watu wangu wamesimama, akasema kwa lugha yetu:

"Otia, huyu mrudishe."

"Nimemnunua, baba."

"Najua. Ndiyo sababu nakuomba wewe."

"Nikimrudisha mmoja, wale kumi na tisa nitawaambia nini?"

"Wewe ndiye mkubwa wa nchi. Utapata la kuwaambia."

Walinzi walikuwa wanasikia. Nilikasirika, nikasema neno ambalo nilikaa nalo miaka yote bila kulisema.

"Mimi nani alinirudisha?"

Alinitazama kwa lile jicho moja. Sikuwahi kumwona ananitazama hivyo tangu aje.

"Hakuna," akasema. "Nilifika mpaka kinuni siku ya pili yake, nikarudi. Sikuwa na shoka. Sikuwa na kitu chochote mkononi, Otia. Ningeweza kwenda, sikwenda."

Kisha akaaga kwa adabu, kama mtu asiye wa nyumba.

Kesho yake asubuhi chumba cha bustani kilikuwa kitupu, na kitanda cha Nasuh pia. Adhuhuri katibu wangu alikuja mbio. Walikuwa wameonekana bandari ya Bulaq, wamepanda chombo cha pamba kinachoshuka Dumyat, baharini. "Nipeleke farasi?" akauliza. "Kabla ya kesho kutwa tutakuwa tumefunga mdomo wa mto." Yaweza kufanyika, nikisema neno, hata ndege hatoki Dumyat.

Nikamwambia alete chakula.

Nyumbani nimetangaza mtoto amekufa kwa homa, na mzee amerudi kwao kwa ruhusa yangu. Wote wamesema amina. Hakuna aliyeamini, na hilo si kitu, mradi wamesema.

Wakifika, niandikie. Niandikie pia kijiji cha huyo mtoto na jina la wazazi wake, ili niwatumie zawadi, na ili nijue ni watu wa namna gani. Alikuwa mtoto mgumu. Wa aina hiyo ndio hufika mbali.

Otia


Didvela, 2 Agosti 1767

Ndugu yangu Otia,

Salamu nyingi. Gabriel ana homa ya vipindi, lakini anatembea. Binti yangu yuko Vani na ni mjamzito. Zabibu zitakuwa nzuri ikiwa mawe hayatapiga. Naandika kwa mkono wangu, na nitaandika polepole.

Mtoto alifika mwezi wa Aprili juu ya nyumbu aliyebeba chumvi, pamoja na mtengeneza matandiko ya farasi wa Batumi ambaye hakutaka malipo. Baba hakufika. Walikaa majira ya baridi Trabzon kwa sababu vyombo havikuwa vikitoka, na kifua kikambana baba. Mtoto anasema hakulalamika. Alimfundisha maneno ya kusema: "Mimi ni mjukuu wa Bezhan wa Didvela, nipelekeni kwa Mzekhala." Akamkaririsha kila siku mpaka yule mtoto akamwambia, "Babu, nimeshika." Wakristo wa Trabzon wamemzika kwenye ua wa kanisa lao. Gabriel amemwombea siku arobaini.

Mtoto nimemweka siku tatu, nikamlisha, nikamkata nywele. Kisha mimi na Gabriel tukampeleka kwao kwa miguu.

Mama yake alikuwa anapalilia mahindi. Hakupiga kelele. Aliweka jembe chini vizuri, kama mtu anayeogopa kulivunja, akaja akamnusa kichwa. Baba yake alikuwa anatengeneza ua. Alipotuona aliingia nyuma ya nyumba. Nilimfuata.

Nikamwambia, "Unanijua mimi?"

"Sikujui, mama."

"Mimi ni dada yake Otia, mwana wa Bezhan, ambaye leo ndiye mkubwa wa Misri. Mtoto huyu amerudishwa na yeye, kwa amri yake. Ana watu katika kila bandari. Kila mwaka atauliza: Beka yuko? Na siku nitakayomjibu hayupo, atataka kujua na wewe uko wapi."

Akavua kofia, Otia. Akaapa kwa Mtakatifu Giorgi, akalia, akasema ilikuwa njaa. Nikamwambia najua kuhusu njaa.

Kwa hiyo nimelitumia jina lako. Lilifaa. Nilikuwa sijawahi kulitamka hivyo mbele ya mtu, na niliona lilivyo zito. Nakushukuru kwa hicho chakula ulichoagiza adhuhuri ile, hata kama hutaki nishukuru.

Umeniomba jina la kijiji chao. Nimelijua, nimekaa pale siku mbili, nimekula kwao. Hapa sitaliandika, na Gabriel hataliandika, na kila nitakapokuandikia, maadamu niko hai, patakuwa na mahali ambapo jina hilo lingekaa na halipo.

Kula vizuri.

Dada yako,
Mzekhala